Mbwa Mkononi, Mbwa Njiani: Kufika Salama Siku ya Chanjo

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa mabaraza ya wananchi kabla ya kampeni ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Yamechapishwa hapa kwa faida ya wakazi ambao hawakufika barazani.



Siku ya chanjo ya mbwa inapotangazwa, maneno yanayosikika zaidi ni tarehe, saa na mahali. Chanjo itakuwa joshoni. Chanjo itakuwa katika uwanja wa shule ya msingi. Kazi itaanza saa mbili asubuhi. Jambo moja halitangazwi, na pengine ndilo linaloamua ni mbwa wangapi watakaofika. Jambo hilo ni njia. Kati ya boma na josho kuna kilomita moja, mbili au hata tatu za njia ya miguu, na kando ya njia hiyo kuna mbwa wa watu ambao hawakufungwa.

Mfano ufuatao si wa boma moja. Ni wa maboma mengi, na wengi walioketi hapa watautambua.

Kijana wa Gredi ya Sita anaambiwa na nyanya yake ampeleke Simba kwenye chanjo, kwa sababu ni Jumamosi na watu wazima wako shambani. Simba hajawahi kufungwa kamba maishani mwake. Kijana anachukua kamba ya kufungia mbuzi, anamfunga shingoni, na ncha ya pili anaizungusha mkononi mara tatu ili mbwa asimponyoke. Wanapofika penye kona ya maboma matatu, mbwa wawili wanachomoka kwenye ua wa michongoma. Simba anarudi nyuma, kamba inakaza, na mbwa wote watatu wanashikana. Kijana hawezi kuachilia kamba kwa kuwa imemkaza mkono. Anaingiza mguu katikati ili awatenganishe.

Baada ya dakika moja yote yamekwisha. Simba amekimbia kurudi nyumbani na kamba shingoni. Mbwa wawili wamerudi uani kwao. Kijana ana alama mbili ndogo kwenye shavu la mguu, na damu si nyingi. Anaogopa kugombezwa kwa kuwa mbwa hakuchanjwa, kwa hiyo anashusha mguu wa suruali na kunyamaza.

Katika mfano huo kuna hasara tatu. Ya kwanza ni kwamba Simba hakupata chanjo. Ya pili ni kwamba mtoto ameumwa na hakuna mtu mzima anayejua. Ya tatu ni kwamba mwaka ujao nyanya atasema mbwa hatoki tena bomani, na majirani waliosikia habari hiyo watasema vivyo hivyo. Hivyo ndivyo chanjo inavyoshindwa kijijini hata kama dawa imeletwa na maafisa wamefika.

Kwa nini alama mbili ndogo si jambo dogo

Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa virusi unaopita kwenye mate ya mnyama mgonjwa na kuingia mwilini mwa mtu kupitia jeraha. Huingia kwa kuumwa, kwa kukwaruzwa, au kwa mate kugusa jicho, mdomo au ngozi iliyochubuka. Virusi hivyo husafiri kwenye mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu, lakini inaweza kuwa wiki moja na inaweza kufika mwaka. Dalili zikishaonekana kwa mtu, yaani kuogopa maji, kuweweseka na kupooza, karibu hakuna anayepona.

Hapo ndipo ugonjwa huu unapowadanganya watu. Jeraha limepona, mtoto anacheza, mzazi amesahau. Mdharau mwiba mguu huota tende, lakini kwa mwiba huu mgonjwa hafiki hata kwenye tende. Anayengoja dalili ndipo aende hospitalini amengoja hadi wakati ambapo dawa haisaidii tena.

Nchini Kenya ugonjwa huu ulithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa aliyekuwa pembezoni mwa Nairobi. Zaidi ya miaka 100 baadaye bado unaua. Makadirio yaliyotumiwa kuandaa mpango wa taifa ni kwamba watu wapatao 2,000 hufariki kila mwaka humu nchini. Duniani kote Shirika la Afya Duniani hukadiria vifo 59,000 kwa mwaka. Katika kila visa 100 vya binadamu, 99 hutokana na mbwa, na wanne katika kila kumi wanaokufa ni watoto wa chini ya miaka 15. Ndio hao wanaotumwa kupeleka mbwa kwenye chanjo.

Kenya iliweka mpango wa kumaliza vifo hivyo kati ya mwaka 2014 na 2030. Nguzo kuu ya mpango huo ni kuchanja mbwa saba katika kila kumi, kila mwaka. Kiwango hicho kikifikiwa na kudumishwa, virusi hukosa pa kwenda, kwa sababu mbwa mgonjwa akiuma wenzake, wengi wao watakuwa na kinga.

Ni rahisi kuona hesabu hiyo ikiharibika. Kijiji chenye mbwa kumi kinahitaji saba wafike joshoni. Wanne wakiachwa nyumbani kwa kuhofia vita vya njiani, wanaobaki ni sita. Mbwa mmoja tu aliyekosekana ameangusha kijiji kizima chini ya kiwango.

Mbwa wa njiani ni wa nani?

Watu wengi wakiona mbwa akizurura husema ni mbwa wa kichakani, hana mwenyewe. Ukweli ni kwamba mbwa wengi wanaoonekana njiani katika vijiji vya Kenya wana maboma yao. Jioni wanarudi, wanapewa makombo ya ugali, na usiku wanalinda. Mchana wanatafuta chakula kwenye jaa la taka, nyuma ya bucha, au penye mzoga uliotupwa bila kuzikwa.

Mageti mengi yana kibao kilichoandikwa "Mbwa Kali". Kibao hicho humwonya anayetaka kuingia. Hakimsaidii anayepita njiani akienda zake, kwa sababu njia ya miguu si sehemu ya boma la mtu. Ni ya mama anayetoka kuteka maji, ya mtoto wa shule, ya mzee anayekwenda zahanati, na ya jirani mwenye mbwa wake kwenye kamba. Mbwa akitoka getini akamzuia mpita njia, kosa si la mbwa. Mbwa hulinda mahali anapodhani ni pake, na kama hakuna ua wa kumwonyesha mwisho wa boma, ataihesabu njia nayo kuwa yake.

Maandalizi kabla ya kutoka bomani

Kazi ya kumpeleka mbwa ni ya mtu mzima, au kijana mwenye nguvu za kumshika mbwa huyo. Mtoto anaweza kufuatana naye, lakini asiachiwe kamba peke yake.

Mbwa ambaye hajazoea kamba afunzwe siku chache kabla. Afungwe dakika chache kila jioni, atembezwe ndani ya boma na kupewa kipande cha chakula. Mbwa anayefungwa kwa mara ya kwanza siku ya chanjo hupambana na kamba kwanza, kisha hupambana na kila anayemkaribia.

Shingoni avalishwe mkanda, hata kama ni mkanda wa zamani wa suruali uliotobolewa tundu. Mkanda uwe wa kubana kiasi cha vidole viwili kupita. Kamba ifungwe kwenye mkanda huo. Fundo la kitanzi shingoni humkaba mbwa, na mbwa anayekabwa huuma.

Kamba iwe imara na isizidi mita mbili. Haifai kuzungushwa mkononi, kiunoni wala shingoni mwa mtu. Ishikwe kiganjani ili iweze kuachiliwa papo hapo ikibidi. Kila mbwa awe na mtu wake. Mtu mmoja mwenye mbwa watatu kwenye kamba hana hata mmoja aliyemshika vizuri.

Watoto wa mbwa wabebwe kwenye katoni au kikapu. Mbwa jike aliye kwenye joto asipitishwe njiani kabisa, kwa sababu atavuta madume ya kijiji kizima. Mwenye mbwa wa namna hiyo, au mbwa mkali asiyeshikika, azungumze na afisa wa mifugo wa wadi mapema ili ipangwe namna nyingine ya kumfikia.

Majirani waondoke pamoja wakiwa wameachana hatua kadhaa, si kwa kusongamana. Chakula kisibebwe mfukoni wala mkobani, maana mbwa wa njiani atakinusa kabla mwenyewe hajakumbuka kwamba anacho. Mwavuli au fimbo ndefu ichukuliwe. Matumizi yake yataelezwa.

Anapotokea mbwa aliye huru

Ishara ya kwanza ni kwa macho. Mbwa anayekaribia kwa mwendo wa kujipindapinda, mkia ukitikisika chini chini, kwa kawaida anataka kunusa tu. Mbwa aliyesimama kikakamavu, mkia juu, manyoya ya mgongoni yamesimama na macho yamekaza, anatoa onyo. Mbwa anayepepesuka, anayetokwa mate mengi, ambaye taya lake limelegea, au anayeuma vitu ovyo bila kuchokozwa, ahesabiwe kuwa mgonjwa. Huyo asisogelewe. Anayemwona arudi nyuma, awaonye wengine na atoe taarifa.

Kumwona mbwa mapema ni nusu ya kazi. Mwenye mbwa kwenye kamba asimame akiwa bado mbali, afupishe kamba, na aangalie kama kuna kijia kingine cha kupitia. Kuzunguka kwa dakika tano si woga. Kama njia ni moja, aite kwa sauti ya kawaida kuelekea bomani: "Hodi wenyewe! Shikeni mbwa, napita!" Mara nyingi sauti ya mwenye mbwa kutoka jikoni hutosha kumrudisha.

Mbwa akiendelea kuja, anayepita asikimbie. Mbwa hufukuza kinachokimbia, na hakuna mtu anayemshinda mbwa mbio. Asipige mayowe na asimkazie mbwa macho. Asimame ubavu, amweke mbwa wake upande wa pili wa mwili wake, na asogee polepole kutoka mahali hapo bila kumpa mbwa huru mgongo. Mbwa wengi huacha kufuata wakishaona mtu amevuka mpaka wa boma lao.

Mwavuli ukifunguliwa ghafla kuelekea mbwa humshtua na kumzuia asione kilicho nyuma yake. Fimbo ishikwe mbele, ncha yake ikiwa karibu na ardhi, iwe kizuizi kati ya mbwa na miguu. Kikapu, mkoba, au leso iliyotandazwa kwa mikono miwili huweza kufanya kazi hiyo hiyo. Kinachotafutwa ni nafasi, si ushindi.

Kuhusu mawe, kila mkazi anajua kwamba mbwa wengi hukimbia mtu akiinama tu kana kwamba anaokota jiwe. Kuinama huko hutosha mara nyingi. Jiwe lenyewe likirushwa lina hasara zake. Humkasirisha mbwa aliyekuwa anaonya tu, hukosa na kumpata mtoto wa jirani, na humfundisha mbwa kwamba kila mpita njia ni adui. Atakayelipa ni anayepita kesho.

Mbwa wakishashikana

Kanuni ni moja na haina masharti: mkono wa mtu wala mguu wake usiingie kati ya mbwa wanaopigana. Mbwa aliye vitani hachagui, na hata mbwa wa nyumbani atamuuma bwana wake. Watu wengi walioumwa katika hali hii hawakuwa wamelengwa. Waliingia katikati.

Kama kamba inamvuta mtu kuelekea vitani, aiachilie. Mbwa aliyeachiliwa anaweza kukimbia, na mara nyingi atarudi nyumbani. Mbwa akipotea atatafutwa. Mtoto aliye karibu aondolewe kwanza. Mbwa mdogo asinyanyuliwe juu kifuani, kwa kuwa wale wengine watarukia alipo, yaani usoni pa aliyembeba.

Kinachoweza kuwatenganisha ni kelele ya ghafla, kama sufuria au debe kugongwa, au ndoo ya maji kumwagwa vichwani mwao. Ubao, kiti au gunia linaweza kusukumwa kati yao na mtu aliye upande wa nje. Visipofaulu, watu wakae mbali. Vita vingi vya mbwa huisha vyenyewe kwa muda mfupi kuliko inavyoonekana kwa macho ya mwenye hofu.

Mtu akiangushwa, ajikunje, magoti kifuani, uso chini, mikono ikifunika masikio na shingo, na atulie kama jiwe. Watoto wafundishwe hivyo nyumbani kwa mchezo: wakisimama wawe mti, wakianguka wawe jiwe. Mchezo huo huchukua dakika tano.

Meno yakigusa ngozi

Hatua ya kwanza haihitaji gari wala pesa. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Kama hakuna mfereji, mtu mmoja amimine maji ya mtungi na mwingine aoshe. Sabuni ya kipande ya kufulia inafaa. Sabuni huharibu virusi, na maji huviondoa kabla havijaingia kwenye mishipa. Mikwaruzo ambayo haikutoa damu nayo ioshwe.

Jeraha lisipakwe mafuta ya taa, pilipili, dawa ya meno, majani yaliyotafunwa wala kahawa. Lisifungwe kwa kukazwa. Mishono, ikihitajika, iamuliwe na wahudumu wa afya.

Hatua ya pili ni kwenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Huko mhudumu ataamua kama chanjo inahitajika, na kama kuna haja ya dawa nyingine ya kinga inayodungwa penye jeraha. Baadhi ya wazee wanakumbuka sindano nyingi za tumboni, na hadithi hizo bado huwatisha watu. Hiyo ilikuwa chanjo ya zamani. Ya sasa hudungwa mkononi, kwa siku zinazopangwa na kituo. Jambo la lazima ni kumaliza sindano zote. Anayepata ya kwanza na ya pili kisha akaacha kwa sababu jeraha limepona ameacha kazi katikati.

Hatua ya tatu ni mbwa aliyeuma. Vijana wasimfukuze kwa marungu. Mbwa anayejulikana akiwa hai ana habari ambayo mbwa aliyeuawa na kutupwa mtoni hana. Afungwe au afungiwe mahali salama na achunguzwe kwa siku 10. Kama siku hizo zikipita akiwa mzima, hakuwa na virusi kwenye mate yake siku aliyouma. Uchunguzi huo haumzuii aliyeumwa kuanza chanjo. Mbwa akifa ndani ya siku hizo, mzoga usiguswe kwa mikono mitupu na usizikwe kabla afisa wa mifugo hajaarifiwa, kwa sababu ugonjwa huthibitishwa kwa kupima ubongo.

Mbwa aliyekuwa kwenye kamba naye asisahauliwe. Akiwa ameumwa, afungwe nyumbani na afisa wa mifugo aarifiwe, hata kama alichanjwa mwaka uliopita.

Na hatua nyingine ni ya wazazi: mtoto asiadhibiwe kwa kusema ameumwa. Mtoto anayegombezwa leo atanyamaza kesho, na kimya hicho ndicho kinachoua. Siku ya chanjo ikiisha, kila nyumba iwaulize watoto swali moja kwa upole: "Kuna aliyeumwa au kukwaruzwa?"

Wajibu wa mwenye mbwa

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti kazi ya udhibiti na ustawi wa wanyama, pamoja na utoaji wa leseni za mbwa. Kuna pia Sheria ya Kichaa cha Mbwa, Sura ya 365, inayohusu namna ya kuzuia ugonjwa huu, na Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inayomlinda mbwa naye asiteswe. Mtu aliyejeruhiwa kwa sababu ya uzembe wa mwenye mbwa anaweza kumdai fidia mahakamani. Lakini majirani wengi hawapendi kufikishana huko, na hakuna haja ya kufika huko kama kila mmoja atafanya sehemu yake.

Sehemu hiyo si kubwa. Mianya ya ua izibwe. Mbwa afungwe mchana, kwenye kivuli, akiwa na maji na kamba ya kumtosha kusogea. Usiku aachiliwe ndani ya boma lililozungushiwa ua. Alishwe, kwa maana mbwa aliyeshiba hana sababu ya kuzunguka majaani. Mizoga izikwe na taka za bucha zisitupwe wazi. Watoto wa mbwa wasitupwe sokoni au kando ya barabara kwa matumaini kwamba mtu atawaokota.

Wengine huuliza kwa nini mbwa wote wa njiani wasiwekewe sumu. Jibu ni kwamba kuua mbwa kiholela hakujamaliza kichaa cha mbwa. Mbwa wengine huja kujaza nafasi iliyobaki, na hao wageni hawajachanjwa. Sumu nayo haichagui. Humuua mbwa aliyechanjwa juzi, ambaye alikuwa ukuta wa kijiji, na inaweza kumpata kuku, paka au mtoto.

Ombi moja kwa kila boma

Katika yote yaliyosemwa, kuna ombi moja ambalo likitimizwa litapunguza sehemu kubwa ya hatari. Siku ya chanjo, kuanzia alfajiri, kila mbwa afungwe bomani kwake hadi atakapotolewa kwa kamba kwenda kuchanjwa, na akirudi afungwe tena hadi jioni. Asiyeweza kumpeleka mbwa wake angalau amfunge, ili jirani apite. Wazee wa vijiji na wa nyumba kumi wakumbushe maboma jioni ya siku iliyotangulia, hasa maboma yaliyo kwenye kona na makutano ya njia. Tangazo hilo lisomwe pia makanisani na misikitini.

Tarehe 28 Septemba kila mwaka huadhimishwa kuwa Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Ni siku ya kumbukumbu ya kifo cha Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa ambaye mwaka 1885 alimchanja mvulana wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa mara nyingi. Mvulana huyo alipona. Hiyo ni zaidi ya miaka 140 iliyopita. Dawa ipo, na njia ya kuzuia inajulikana. Kilichobaki ni mbwa kufika joshoni na mtoto kurudi nyumbani mzima.

Kijana yule wa Gredi ya Sita angeweza kuwa na siku tofauti. Mbwa wawili wa penye kona wangekuwa wamefungwa chini ya mwembe. Simba angekuwa na mkanda shingoni, na kamba mkononi mwa mjomba. Wangepita wakisalimiana na wenye boma, Simba angechanjwa, na kijana angerudi na kadi ya chanjo ya kumwonyesha nyanya yake. Siku kama hiyo haihitaji bajeti. Inahitaji kamba, ua, na jirani anayemfikiria jirani.

 Mwenye swali amwone afisa wa mifugo wa wadi, na mwenye jeraha, hata la wiki iliyopita au la mwezi uliopita, aende kituo cha afya leo hii bila kungoja mwisho wa baraza.